Sultani wa Kuazima

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi wasichana mliokalia ukuta kwa sababu viti vimekwisha, karibuni nyote. Kahawa iko mezani kule nyuma, na sinia la kashata liko pembeni yake. Tafadhali tuachiane.

Nimepewa dakika 20 kabla ya filamu kuanza. Mwalimu mstaafu ukimpa dakika 20 ujue umempa saa nzima, lakini kijana wa projekta ameshanionya kwamba umeme wa leo si wa kuaminika. Basi nitakwenda mbio kidogo.

Filamu ya leo inaitwa The Belles of St Trinian's. Ni ya Uingereza, ya mwaka 1954, haina rangi, na mwongozaji wake ni Frank Launder. Ni kichekesho cha skuli ya dakhalia ya wasichana. Mimi niliiona mara ya kwanza nilipokuwa nasoma kule, Jumapili moja ya mvua, kwenye televisheni ya mama aliyenipangisha chumba. Filamu inaanza na sultani wa nchi isiyokuwepo duniani, Makyad, anayempeleka binti yake Fatima kusoma Uingereza. Yule mama akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa: “Na kwenu mna sultani kama huyu?” Nikamwambia Zanzibar tulikuwa naye, hatunaye tena. Akaniongezea chai.

Siku ile nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na yeye akacheka, na hatukuulizana kila mtu anacheka nini. Wiki mbili hizi nimeiangalia tena mara tatu, miwani usoni na kalamu mkononi. Pengine nimecheka kuliko zamani. Pengine sikucheka hata kidogo, nikabaki naangalia tu kama mtu anayemtazama fundi akishona nguo kwa kipimo cha mtu mwengine. Nataka kukwambieni ni wapi nimecheka na ni wapi nimenyamaza, na kwa nini.

Kwanza asili yake. Wasichana hawa hawakuzaliwa kwenye filamu, walizaliwa kwenye katuni. Mchoraji alikuwa Ronald Searle, kijana wa Cambridge, mzaliwa wa 1920. Wakati wa vita, akiwa askari kule Scotland, alizoeana na familia moja yenye mabinti wawili waliokuwa wakisoma skuli ya kweli kabisa ya Edinburgh, St Trinnean's. Skuli hiyo ilianzishwa mwaka 1922 na Bibi Catherine Fraser Lee, aliyeamini kwamba mtoto afundishwe kujiongoza mwenyewe badala ya kuswagwa kama mbuzi. Unajua tena watu wa mji. Wakasema: “Ah, kule watoto wanafanya watakalo.” Searle akachora katuni moja ya kuwafurahisha mabinti wale, na mwaka 1941 jarida la Lilliput likaichapa.

Ingekuwa imeishia hapo. Lakini Februari 1942 Singapore ikaanguka, na Searle akawa miongoni mwa mateka wa Wajapani. Alifungwa katika gereza la Changi, akapelekwa kwenye ile reli ya Siam na Burma waliyojengeshwa mateka, ambako wenzake walikufa kwa maelfu. Alichora kule kwa siri, na michoro akaificha chini ya magodoro ya wagonjwa wa kipindupindu, mahali ambapo askari wa zamu hakuthubutu kutia mkono. Alirudi kwao 1945, na wasichana aliowachora baada ya hapo hawakuwa tena watundu wa kawaida. Ni vitoto vikavu, miguu kama njiti, macho makali, vinatesana na kuchinjana huku vimevaa sare na soksi. Watu wakacheka sana. Mimi nikiviangalia leo naona mtu aliyeshuhudia mambo asiyoweza kuyasema, akayavisha sare ya skuli ili yaweze kutazamwa.

Filamu imelainisha ukali huo, lakini haikuuondoa. Tazameni siku ya kufungua skuli. Wasichana wanarudi kutoka likizo, na kijiji kizima kinafunga maduka na kupigilia mbao madirishani kana kwamba kimbunga kinakuja. Darasani, kwenye maabara ya kemia, watoto wanapika jini. Nasema kinywaji, si lile la makaburini. Wizara ya Elimu imeshatuma wakaguzi wawili, na wote wawili wamepotea. Mtawaona wenyewe walipo. Na wasichana wadogo wamepata habari kwamba farasi wa sultani, Arab Boy, ni wa kushinda mbio za Cheltenham, basi wanabeti. Mwalimu mkuu, ambaye skuli yake imefilisika, anachukua pauni 100 za matumizi ya Fatima, na yeye anabeti. Wasichana wakubwa wako upande wa farasi mwengine, wanamwiba Arab Boy. Wadogo wanamwiba tena kutoka kwa wezi, wanampandisha ghorofani, wanamficha bwenini.

Farasi bwenini! Mimi nilikaa dakhalia miaka minne huko bara, na kitu kikubwa tulichowahi kukificha bwenini ni debe la maandazi, tulilokuwa tukiyauza usiku senti 10 moja chini ya kitanda cha kiranja, kiranja mwenyewe akiwa mshika fedha. Mimi nilikuwa mpigaji mluzi wa dirishani. Kwa hivyo msinione hapa na ushungi wangu mkadhani nahukumu.

Hapo kwa wasichana wadogo ndipo nilipocheka kuliko zamani, na sababu naijua. Sisi tuliopitia maktaba za zama zile tulilishwa hadithi za skuli za Kiingereza: binti hasemi uongo, hachongei mwenzake, anacheza magongo kwa moyo safi, na kosa lake kubwa ni kula keki usiku wa manane. Tuliambiwa tumwige. Hakuna aliyetuambia kwamba Waingereza wenyewe wanamcheka binti huyo. Filamu hii inamchukua, inampindua kichwa chini miguu juu, na pesa zinadondoka mifukoni. Waliomtengeneza walimjua. Walikuwa na madada na mabinti, waliishi karibu na skuli hizo, walijua harufu ya kabichi ya ukumbi wa chakula. Ndiyo maana kila kituko kina mahali pa kukaa.

Na mwalimu mkuu mwenyewe, Miss Fritton. Anaigizwa na mwanamume, Alastair Sim, mtu wa Edinburgh, aliyefundisha ufasaha wa kusema kabla hajawa mwigizaji. Kule kwao ni desturi ya zamani, kila Krismasi kwenye majukwaa ya michezo ya watoto mwanamume huvaa gauni akawa bibi kizee. Kwa kawaida bibi huyo hupakwa rangi kama mlango wa duka, hubweka, huanguka miguu juu. Sim hafanyi hivyo. Shanga shingoni, sauti laini, mkono mmoja unagusa nywele, na huzuni kidogo anapokumbuka banda la michezo lililochomwa moto na mtoto wa ndugu yake. Ndugu huyo, Clarence, mcheza kamari, ni Sim huyohuyo. Kuna mahali anamweleza mzazi falsafa ya skuli: skuli nyengine zinamtoa msichana akiwa hajajiandaa kwa ulimwengu katili, lakini hapa, mtoto akimaliza, ni ulimwengu katili ndio unaotakiwa ujiandae. Anasema hivyo bila kucheka. Nimefundisha wasichana miaka 34 na sijapata mtu aliyelisema vizuri zaidi, akiwemo waziri yeyote.

Sasa twende chumba cha walimu, na hapa naomba tukae kidogo.

Walimu wa St Trinian's ni wanawake wasioolewa. Mmoja mlevi, mmoja amevaa lenzi ya jicho moja na mawazo yake yote yako kwenye gofu, mmoja yuko kama njozi. Hakuna hata mmoja anayefundisha kitu. Na Sajini Ruby Gates, polisi anayeletwa kupeleleza akijifanya mwalimu wa michezo, anayeigizwa na Joyce Grenfell na meno yake na magoti yake, kituko chake kikubwa ni kwamba anamtaka bosi wake na bosi hamtaki. Ni zile dhana mgando zenyewe: mwanamke aliyesoma ni mwanamke aliyekosa mume, na aliyekosa mume ana kasoro. Mwaka 1954 ukumbi mzima ulijua kucheka hapo bila kuelekezwa.

Lakini kwa nini walimu wa kike wa Uingereza walikuwa hawajaolewa? Kwa sababu walikatazwa. Kwa miaka mingi halmashauri nyingi za kule zilikuwa na kanuni kwamba mwalimu wa kike akiolewa anaacha kazi. Unachagua: chaki au pete. London iliifuta kanuni hiyo mwaka 1935, na nchi nzima ikafutiwa na Sheria ya Elimu ya 1944. Yaani miaka kumi tu kabla ya filamu. Wale walimu wa makamo wanaochekwa pale ni wanawake ambao serikali ilisimama mlangoni ikawaambia msiolewe, kisha watu wakakaa sinemani wakawacheka kwa kutoolewa.

Mwalimu mkuu wetu kule dakhalia alikuwa bibi wa Kiingereza wa aina hiyo. Tulimpa jina ambalo silitaji mbele ya wajukuu wa watu. Alikuwa na kopo la biskuti lililojaa vifungo. Jumapili mchana tulipanga foleni barazani kwake na sare zilizokatika vifungo, naye akamimina kopo lote juu ya kanga, akawa anavichambua kwa kidole kimoja, vikubwa huku, vidogo huku, mpaka akapata kinachofanana na vyenzake kabisa. Hakukubali kifungo cha karibu-karibu. Sisi nyuma ya foleni tukinong'onezana kwamba angekuwa na mume asingekuwa na muda wa upuuzi huu. Nilikuwa na miaka 15. Habari ya ile kanuni nimekuja kuijua mimi mwenyewe ni mwalimu mwenye watoto watatu.

Yule mlanguzi mwenye kofia mtakayemwona, Flash Harry, anayeigizwa na George Cole, sina haja ya kumweleza. Anatokea vichakani, anatembea ubavu-ubavu, muziki wa Malcolm Arnold unamfuata kama mbwa wake. Uingereza ilikuwa na mgao wa chakula wa kadi tangu vita mpaka Julai 1954, na nyama ndiyo ilikuwa ya mwisho kufunguliwa. Waliowahi kusimama foleni ya mchele hapa mjini watamtambua Harry kabla hajafungua mdomo.

Lipo jambo ambalo silichekei, nalisema kwa ufupi kwa sababu wasichana wako hapa. Kidato cha sita cha St Trinian's kimepangwa makusudi: sketi fupi, soksi ndefu, mikao ya kumkonyeza mtazamaji mwanamume. Waigizaji ni wanawake wazima, sawa, lakini wanaoonyeshwa ni watoto wa skuli. Katika filamu zilizofuata jambo hilo lilizidi, na mpaka leo kule Ulaya sare hiyo huvaliwa kwenye sherehe za usiku na watu wazima kama kichekesho. Katika yote yaliyomo humu, hilo ndilo lililoishi muda mrefu zaidi. Mimi nimekaa na wasichana wa umri ule ofisini kwangu, mlango umefungwa, wakinieleza yaliyowakuta njiani wakirudi nyumbani na sare zao. Siwezi kukaa upande ule wa kamera.

Na sasa, sultani wetu.

Sultani wa Makyad anaigizwa na Eric Pohlmann, mzaliwa wa Vienna. Wapenzi wa James Bond mnaijua sauti yake bila kujua: ndiye aliyempa sauti yule adui mkubwa, Blofeld, asiyeonyeshwa uso katika filamu mbili za mwanzo za Bond alizotokea adui huyo. Sinema ya Uingereza ya wakati ule ikitaka mgeni, mgeni yeyote, Mgiriki, Mturuki, Mwarabu, ilimwita Pohlmann. Basi hapa kavishwa usultani. Na ukimwangalia kwa makini humwoni mtu. Waliotengeneza filamu walijua harufu ya kabichi ya ukumbi wa chakula, lakini kwenye kasri hili hawakuwahi kuingia, wala kumuuliza aliyeingia. Kuna nguo, fedha na farasi, basi. Filamu ya tatu, ya mwaka 1960, ikaenda mbali zaidi: wasichana wanasafirishwa Arabuni wakawe wake za wana wa emiri. Miaka minne nyuma yake Waingereza walikuwa wamefedheheka Suez mbele ya dunia nzima, walipouvamia mfereji ule wa Misri wakalazimika kuondoka. Labda ni sadfa tu. Mimi nadhani aliyeshindwa mchezo hubakiwa na matusi.

Waswahili tuna neno lake: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na nguo hii nawaambia iliazimwa wapi, kwa sababu inatuhusu sisi watu wa hapa hapa.

Mwaka 1905, miaka 49 kabla ya filamu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliamua kumchezea meya wa mji. Kiongozi wao alikuwa Horace de Vere Cole, na mmoja wao Adrian Stephen. Sultani wa Zanzibar alikuwa ziarani Uingereza wakati huo, nao wakataka kujifanya ndio yeye na msafara wake. Lakini picha ya sultani ilikuwa imetoka magazetini. Basi wakawa ami yake. Wakaenda London kwa muuza mavazi ya tamthilia, wakakodi majoho na vilemba, wakapaka nyuso rangi, wakapanda treni kurudi Cambridge. Meya akawapokea kwa heshima zote na kuwatembeza mjini. Katika matembezi hayo akatokea bibi mmoja aliyewahi kuwa mmisionari, akafurahi, akaomba azungumze na wageni kwa lugha yao. Mkalimani akabanwa, akajitoa hivi: haiwezekani, mpaka bibi akubali kuingia katika wake wa mtukufu. Bibi akaondoka. Mnaona? Neno la wake lilitolewa mfukoni kama ufunguo wa kufungia mlango, ili mwanamke pekee aliyeweza kuijua lugha asiongee.

Miaka mitano baadaye, Februari 1910, Cole na Adrian walirudia mchezo, safari hii juu ya meli ya kivita ya HMS Dreadnought, wakijifanya wana wa mfalme wa Uhabeshi. Pamoja nao alikuwamo dada yake Adrian, Virginia, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya, kabandikwa ndevu. Kwa maandalizi Adrian alinunua kitabu cha sarufi ya Kiswahili, wakawa wanakisoma ndani ya treni. Kiswahili, kwa ajili ya Uhabeshi! Na hata hicho kikamshinda. Alipofika melini kilimpotea kichwani, akaishia kusoma mashairi ya Kilatini na Kigiriki aliyokaririshwa skuli, akiyavunjavunja yasitambulike. Maofisa wa jeshi la wanamaji wakatikisa vichwa, lugha ya Kiafrika hiyo.

Kuna jambo moja ambalo meya yule hakulijua. Sultani wa kweli wa wakati ule, Seyyid Ali bin Hamoud, alikuwa amesoma Harrow. Harrow ile ile, dakhalia ya wana wa mabwana wa Kiingereza, sare, kengele na uji wa asubuhi. Angekwenda yeye mwenyewe kwa meya wa Cambridge, wangeweza kuzungumzia chakula kibaya cha skuli kwa Kiingereza kizuri mpaka jua lizame. Kichekesho hicho kilikuwepo mezani mwaka 1905, na kilikuwepo mwaka 1954, na hakuna aliyenyoosha mkono kukichukua. Mtoto wa sultani anayeijua skuli ya Kiingereza kuliko Waingereza waliokaa ukumbini, hebu fikirieni Alastair Sim angemfanyia nini mtu kama huyo.

Na kama walitaka binti wa sultani na skuli, alikuwepo. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, hapo tu mkielekea Bububu. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake anaeleza skuli ya kasri kwa kirefu, na anawakemea Wazungu kwa yale wanayoyadhania kuhusu maisha ya wanawake wa huku. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme akatafuta mfupa wa bega la ngamia, ubao wa watoto wa zama hizo, akawa ananakili herufi za msahafu kwa wino, peke yake, kwa siri, mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana, wakubwa walichukia. Baadaye ujuzi huo ndio uliomwezesha kuandika barua.

Mimi nikimfikiria mtoto yule na mfupa wake na wino mikononi, namwona moja kwa moja kwenye kidato cha nne cha St Trinian's, nyuma ya darasa. Angewafundisha wale wadogo mambo. Fatima wa filamu hakupewa mfupa. Kapewa pauni 100 na farasi wa baba yake, na farasi ndiye mwenye kazi kubwa zaidi.

Msinielewe kwamba nawakataza kucheka. Chekeni, hasa pale ngazini na farasi. Mimi nitakaa safu ya pili, mtanisikia. Ila akitokea Fatima mtazameni yeye, achaneni na wanaomzunguka. Mhesabu anasema maneno mangapi, na ni lini kamera inamsahau. Tukimaliza tutalinganisha hesabu, kama umeme utaturuhusu.

Kijana, uko tayari? Haya, zima taa. Na hilo sinia la kashata lililotoka mezani likaenda ukutani wakati nazungumzia Suez, nimeliona.